Sherehe za Halloween nyumbani

Sherehe za Halloween nyumbani ni maandalizi na burudani zinazofanywa na familia jioni ya tarehe 31 Oktoba, hasa katika nchi za Marekani, Kanada, Eire na Uingereza. Zinahusisha kupamba nyumba, kuvaa mavazi ya kujigeuza, kucheza michezo na kuwagawia pipi watoto wanaopita mlango kwa mlango. Ingawa leo zinaonekana kuwa burudani ya watoto tu, muundo wake ulitokana kwa sehemu kubwa na juhudi za wazazi na miji ya Amerika ya Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 20, za kuzuia uharibifu uliofanywa na vijana usiku huo.

Asili

Jina Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mkesha wa Watakatifu Wote", kwa kuwa tarehe 1 Novemba Wakatoliki na Wakristo wengine huadhimisha sikukuu ya Watakatifu Wote. Desturi nyingi za mkesha huo zilitoka Eire na Uskoti. Huko mwanzo wa Novemba ulikuwa pia wakati wa Samhain, sikukuu ya Wakelti ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi. Watu waliamini kwamba usiku huo mizimu huja karibu na makazi ya binadamu. Katika karne ya 19 wahamiaji kutoka nchi hizo walipeleka desturi zao Amerika ya Kaskazini.

Kutoka utundu hadi karamu

Pamoja na michezo, vijana walikuwa na desturi ya utundu, kama vile kung'oa mageti, kuficha mikokoteni au kugonga milango na kukimbia. Kijijini jambo hilo lilivumiliwa, lakini mijini liligeuka kuwa hasara: madirisha yalivunjwa, mali iliharibiwa na moto uliwashwa barabarani.

Njia mojawapo ya kupambana na hali hiyo ilikuwa kuwapa vijana shughuli nyingine. Mwaka 1920 mji wa Anoka, katika jimbo la Minnesota, uliandaa maandamano ya Halloween kwa lengo hilo, na mpaka leo unajiita mji mkuu wa Halloween duniani. Kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyouza karatasi za mapambo, ilichapisha mwaka 1909 kijitabu cha kwanza kati ya vingi vilivyoeleza namna ya kupamba sebule, kutengeneza mavazi ya karatasi na kupanga michezo.

Katika miaka ya 1930 ilienea desturi ya watoto kupiga hodi na kumtaka mwenye nyumba achague: awape kitu kitamu au afanyiwe utundu. Kwa pipi chache aliyenyumbani alijinunulia amani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia sukari ilitolewa kwa mgawo, na desturi hiyo ikapungua. Mgawo ulipoondolewa nchini Marekani mwaka 1947, ilirudi kwa nguvu.

Mapambo

Pambo maarufu zaidi ni boga lililochongwa sura ya mtu na kuwekwa taa ndani. Eire na Uskoti walichonga tanipu, mboga ya mizizi iliyo ngumu. Huko Amerika wahamiaji walikuta maboga, ambayo ni makubwa na rahisi kuchonga.

Boga hukatwa upande wa juu kwa kulaza kisu, ili kifuniko kisidumbukie ndani. Mbegu na nyuzi hutolewa kwa kijiko, kisha macho na mdomo hukatwa. Mbegu zinaweza kukaangwa na kuliwa. Boga lililochongwa huanza kuoza baada ya siku chache, hivyo familia nyingi hulichonga sikukuu inapokaribia.

Mapambo mengine ni popo, buibui na utando wake, wachawi, na viunzi vya mifupa. Rangi zinazotumika zaidi ni ya chungwa na nyeusi.

Mavazi na michezo

Zamani watu walivaa vinyago au walipaka nyuso zao masizi wasitambulikane. Siku hizi watoto huvaa kama mizimu na wachawi, lakini pia kama wanyama, wanaanga au wahusika wa filamu. Shuka kuukuu lenye matundu mawili ya macho linatosha kuwa vazi la mzimu.

Mchezo wa kale ni kunyakua kwa meno tufaha linaloelea katika beseni la maji. Tufaha huelea kwa sababu takriban robo ya ujazo wake ni hewa. Nchini Eire huliwa mkate wenye zabibu kavu na pete iliyofichwa ndani. Anayeipata huambiwa ataoa au ataolewa karibuni.

Usalama

Hofu iliyoenea zaidi ni kwamba watu wasiojulikana huwapa watoto pipi zenye sumu. Kisa kinachojulikana sana kilitokea Texas mwaka 1974, ambapo mtoto wa miaka 8 alikufa kwa pipi yenye sumu. Mahakama ilimtia hatiani baba yake mwenyewe, aliyetaka fedha za bima.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko barabarani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliochunguza takwimu za Marekani za miaka 42, ulionyesha kwamba hatari ya mtembea kwa miguu kufa kwa kugongwa na gari jioni ya Halloween ilizidi ile ya jioni nyingine kwa asilimia 43. Kwa sababu hiyo watoto hushauriwa kubeba tochi, kuvaa nguo zinazoonekana gizani na kutovaa vinyago vinavyoziba macho. Ndani ya maboga inafaa kuweka taa za betri badala ya mishumaa, kwani mavazi marefu hushika moto kwa urahisi.

Kwa watoto wenye mzio wa karanga au maziwa, baadhi ya familia huweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya buluu-kijani. Ni ishara kwamba nyumba hiyo ina zawadi zisizo za kula, kama penseli na vibandiko.