Hasira Haijai Kama Bwawa

Kwenye Mto Kuja, Kaunti ya Migori, kuna kituo cha umeme cha Gogo, chenye uwezo wa megawati 2. Kilijengwa miaka ya 1950 kuuhudumia mgodi wa Macalder. Maji huzuiwa, kisha huachiwa yazungushe mitambo. Sigmund Freud aliiona nafsi ya binadamu vivyo hivyo: matamanio yana nishati, aliyoiita libido, na ukiiziba hapa itatokea pale, kwa ndoto, kwa ulimi kuteleza, hata kwa mkono kupooza bila kidonda.

Wazo hilo hakulitoa hewani. Alisomea Vienna katika maabara ya Ernst Brücke, ambako fizikia ya Helmholtz ilitawala, na Helmholtz alikuwa ameshatangaza mwaka 1847 kwamba nishati haipotei. Mwaka 1895 Freud alijaribu kuieleza akili yote kwa kiasi cha nguvu kinachopita kwenye neva. Akakwama, akaiacha kazi hiyo. Ilichapishwa mwaka 1950, yeye akiwa kaburini. Hesabu ilimshinda, lakini bwawa halikumtoka kichwani.

Kwa wakazi wa Suna, humo humo Migori, Got Kwer si jina geni. Ndicho kilima kitakatifu cha Legio Maria, kanisa lililoanzishwa na Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambalo waumini wake hutoa pepo kwa sala na nyimbo. Freud angekuwa na jibu tayari. Mwaka 1923 aliandika juu ya mchoraji wa karne ya 17 aliyedai kufanya mkataba na shetani, akasema pepo ni matamanio yaliyokataliwa na mwenyewe. Kwa hiyo kumtoa pepo ni kufungua lango, basi. Jibu rahisi mno, kwa maoni yangu.

Mwanasaikolojia Carl Jung alikuwa mwangalifu zaidi. Alishuka Mombasa mwaka 1925, akapanda hadi Mlima Elgon, akazungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kuungaunga, akawaona wakitemea viganja na kuviinua kuelekea jua linalochomoza. Katika insha ya mwaka 1928 alidai kwamba nishati ya nafsi si kitu cha kupimwa kwa mizani. Ni njia ya kulinganisha uzito wa mambo moyoni, na ibada huielekeza.

Ubongo kweli hula nishati: ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika. Hiyo ni sukari na oksijeni. Ghala la libido halijaonekana.

Wazo lenyewe la bwawa limepimwa kwa hasira, likaanguka. Mwaka 2002 mtafiti Brad Bushman, huko Marekani, aliwafanyia jaribio wanafunzi 600 waliokuwa wameudhiwa. Waliopiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria mkosaji walibaki na hasira nyingi kuliko waliokaa kimya. Kama nadharia ya bwawa ingekuwa sahihi, wangetoka wametulia. Tathmini ya mwaka 2024, iliyojumlisha tafiti 154, ilionyesha kwamba kinachopunguza hasira ni kuutuliza mwili: kuvuta pumzi polepole, kulegeza misuli, kutafakari.

Anayetoka Got Kwer ametulia, basi, tusimwulize ametoa nini. Tumwulize nini kilimtuliza, na nani alikaa naye.