Je, Wajua? Vidonge vya Nguvu za Kiume na Macho Yako

Je, wajua kwamba sildenafil, inayojulikana pia kwa jina la Viagra, ilianza kutafutwa kama dawa ya moyo? Wataalamu wa Pfizer huko Sandwich, Uingereza, waliijaribu kwa wagonjwa wenye maumivu ya kifua. Badala yake, Machi 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa upungufu wa nguvu za kiume.

Je, wajua kwamba baadhi ya wanaoimeza huona vitu vikiwa na rangi ya buluu? Wengine huumizwa na mwanga wa taa, huona ukungu, au hushindwa kutofautisha buluu na kijani. Dawa hii huzuia kimeng'enya kiitwacho PDE5, na hivyo mishipa ya damu ya uume hulegea na kujaa damu. Lakini ndani ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuna kimeng'enya cha jamii hiyohiyo, PDE6, kinachosaidia chembe za jicho kuitikia mwanga. Sildenafil hukigusa nacho, ingawa kwa nguvu ndogo takriban mara kumi. Kwa kawaida hali hiyo hupita ndani ya saa chache.

Je, wajua kwamba kipimo ndicho huamua mengi? Katika majaribio ya dawa hii, matatizo ya kuona yaliripotiwa na mtu 1 katika 100 waliopewa miligramu 25, 2 kwa miligramu 50, na 11 kwa miligramu 100. Anayemeza vidonge viwili kwa pamoja ili "vifanye kazi haraka" anajitafutia madhara.

Tadalafil, dawa nyingine ya aina hii, haigusi sana PDE6, kwa hiyo rangi hazibadiliki mara nyingi. Ila hukaa mwilini muda mrefu zaidi: baada ya saa 17 na nusu, nusu yake bado imo kwenye damu.

Je, wajua kwamba marubani wa Marekani hutakiwa kusubiri kwa saa kadhaa baada ya kumeza dawa hizi kabla ya kurusha ndege? Taa na alama za rangi kwenye chumba cha rubani hazitaki kubahatisha.

Je, wajua kwamba kuna waliokaa na tatizo kwa siku nyingi? Mwaka 2020 daktari Cüneyt Karaarslan wa Uturuki alieleza habari za wanaume 17 waliofika hospitalini Adana baada ya kumeza miligramu 100 za sildenafil kwa mara ya kwanza. Mboni zilikuwa zimepanuka, buluu imekolea mno, nyekundu na kijani hazitofautishwi. Wote walipona, lakini wapo waliosubiri hadi siku 21. Huko New York, kijana wa miaka 31 aliyekunywa sildenafil ya maji, iliyonunuliwa mtandaoni, kupita kipimo, aliona wekundu ambao haukuondoka hata baada ya mwaka.

Lililo zito kuliko yote ni jicho moja kupoteza nuru ghafla, bila maumivu, mara nyingi mtu anapoamka asubuhi. Damu huwa imepungua kwenye mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Tangu 2005 Marekani imetaka onyo kuhusu hatari hiyo liandikwe kwenye dawa hizi. Ni nadra: kwa mwaka, hata bila kuhesabu dawa, tatizo hilo huwapata wanaume kati ya 2.5 na 11.8 katika kila 100,000 wenye miaka 50 na zaidi. Kuijua sababu halisi kwa mgonjwa mmoja ni kazi ngumu, kwa kuwa kisukari, presha na sigara huharibu nguvu za kiume na pia huhatarisha mshipa huohuo wa jicho. Ndiyo maana nasisitiza: mwanamume aliyepungukiwa nguvu apimwe sukari na presha kabla ya kupewa kidonge. Na kama jicho moja limewahi kupatwa na hali hii, amweleze daktari, kwani la pili nalo lina hatari. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa retina aseme pia.

Je, wajua kwamba unaweza kunywa sildenafil bila kujua? Kinywaji cha kuongeza nguvu kutoka Zambia kilipimwa baada ya malalamiko ya mtumiaji nchini Uganda, na sildenafil ikakutwa ndani. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia nitrogliserini anaweza kuuawa na mchanganyiko wa dawa hizo mbili, maana presha huporomoka. Kwa hiyo unga na chupa zinazouzwa kama "mitishamba ya mwanamume", zisizoeleza kilichomo, tusizione salama kwa sababu tu zinaitwa za asili.

Ukiona jicho limefifia ghafla, acha dawa na nenda hospitali siku hiyohiyo. Beba pakiti au chupa. Mwambie daktari ulichomeza, kiasi gani, na saa ngapi, hata kama mkeo hajui.