Pweza Hapimwi kwa Mizani

Siku za bamvua maji hukupwa mbali, mwamba ukabaki wazi kwa saa chache. Ndipo wanawake wa Pemba, Mafia na Songosongo wanapoteremka na vijiti vyao kuchokoa pweza. Hawahitaji ngalawa wala nyavu. Wanahitaji jicho linalotofautisha shimo tupu na shimo lenye mwenyewe: mawe yaliyopangwa mlangoni, magamba ya kaa yaliyotupwa nje. Kwa kaya nyingi hiyo ndiyo pesa ya unga na ya madaftari, hasa upepo unapowazuia wenye vyombo vidogo kutoka.

Kisha soko likabadilika. Pweza aliyegandishwa alipoanza kusafirishwa Ulaya kwa wingi, wanunuzi walifika hadi ufukweni na bei ikapanda. Wanaume nao wakaingia na miwani ya kuzamia, wakafika kwenye miamba ya chini ambako zamani majike wakubwa walikuwa wakijificha bila kusumbuliwa na mtu. Pweza wakaanza kuwa wadogo.

Jibu la kawaida la serikali ni uzito. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Nia ni njema, lakini pweza si samaki wa wavuni anayeweza kurudishwa majini akiwa mzima. Yuko shimoni, mvuvi anaona jicho na ncha ya mkono, anachoma. Uzito unajulikana baadaye, na wakati huo mizani inapima maiti.

Tena hata gramu 500 ni utoto. Watafiti waliochunguza pweza wa miamba ya kusini magharibi mwa Madagaska, ambaye ni jamii ileile ya huku kwetu, waligundua kwamba nusu ya majike hawajapevuka mpaka wakaribie au wapite kilo 2. Dume hupevuka mapema zaidi. Kwa hiyo mtu anaweza kuifuata kanuni neno kwa neno, na bado akamaliza majike wote kabla hata mmoja hajataga.

Hapa maumbile ya mnyama mwenyewe yanatuonyesha njia. Pweza huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo tu, na katika muda huo hukua kwa kasi ya ajabu: anapokuwa mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu ndani ya miezi miwili au hata chini ya hapo. Sehemu kubwa ya anachokula hugeuka mwili. Jike hutaga mara moja tu maishani, mayai mamia ya maelfu, kisha hujifungia shimoni kuyalinda na kuyapepea maji safi. Hali chakula. Mayai yakianguliwa, hufa. Mwaka 1977 mwanasayansi wa Marekani, Jerome Wodinsky, aliondoa tezi zilizo karibu na macho ya majike waliokwisha kutaga. Wakaacha mayai, wakaanza kula tena na wakaishi muda mrefu zaidi. Kifo cha mama pweza, basi, kimeandikwa ndani ya mwili wake, na mwamba unaovuliwa kila bamvua haumpi nafasi ya kukifikia.

Kinachomfaa ni muda. Mwaka 2004 wavuvi wa Kivezo wa kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, wakishirikiana na shirika la Blue Ventures, walikubaliana kuufunga mwamba mmoja kwa miezi kadhaa. Vijiji vya jirani vikaiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia ufungaji wa namna hiyo hadi 2011, ulionyesha kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya kufungua, pweza waliotoka kwenye miamba hiyo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na mvuvi mmoja alipata karibu maradufu ya alichozoea. Mapato ya vijiji hayakuporomoka wakati wa kungoja, kwa sababu sehemu kubwa ya miamba ilibaki wazi.

Utaratibu huo umefika kwetu. Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, kamati ya wavuvi na wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi mitatu hivi, wakisaidiwa na shirika la Mwambao.

Hata hivyo si kila ufungaji unaozaa. Mwamba ukifunguliwa bila mpango, watu humiminika kutoka kila upande na faida yote huisha kwa siku mbili tatu. Wenye miwani na mashua huondoka na sehemu kubwa, ilhali aliyebeba mzigo wa kungoja ni mama anayevua kwa miguu, asiye na mwamba mwingine wa kukimbilia. Tena vifaranga vya pweza huelea na mikondo kwa wiki nyingi kabla ya kutua. Mayai yaliyolindwa kijiji hiki huenda yakajaza mashimo ya kijiji kingine. Mwamba mmoja uliofungwa peke yake unakuza pweza waliomo tu. Ili kizazi kipate kurudi, vijiji vinavyopakana vifunge kwa kupokezana, na baadhi ya miamba ya kina kirefu iachwe kabisa, majike watage.

Kwa hiyo rai yangu ni kwa kamati za wavuvi za shehia na vijiji, na kwa maofisa wa uvuvi wanaowashauri. Msipange tarehe ya kufunga kabla wanawake wanaochokoa pweza hawajakaa kwenye kikao na kusema ni mwamba upi na ni miezi ipi wanaweza kuvumilia. Siku ya kufungua, wapeni bamvua la kwanza wao, wa miguu. Wazamiaji waingie baadaye. Na mnunuzi anayetaka pweza wakubwa wa kupeleka Ulaya achangie mshahara wa walinzi wa mwamba katika miezi ya kungoja.