Mama mjamzito, tuliza akili, linda mimba yako

Mama mwenye mimba kambini ana mengi ya kubeba. Mwingine mume alibaki Kongo na hakuna habari zake. Mwingine mimba ilitokana na kubakwa. Mwingine mgao wa chakula unaisha kabla ya mwezi. Kulia ovyo, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio si wazimu wala kulogwa. Huenda ni dalili za msongo wa mawazo. Msongo wa muda mrefu unahusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito mdogo.

Kuna msaada gani?

Mwaka 1979, huko Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya wiki 8 ya kutuliza akili kwa kufuata pumzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lina mafunzo yanayotumia mazoezi ya namna hiyo, ya vikao 5 kwa vikundi. Yalijaribiwa Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kuwa waliohudhuria walipata nafuu kuliko wenzao.

Namna ya kufanya

1. Kaa kwenye mkeka, egemea ukuta. Mimba ikiwa kubwa usilale chali, lala ubavu.
2. Vuta pumzi polepole kwa pua, sikia tumbo likipanda. Toa polepole.
3. Mawazo yakija usigombane nayo. Yaache yapite, rudi kwenye pumzi.
4. Fanya dakika 5 asubuhi na 5 kabla ya kulala.

Ukifumba macho ukaona mambo ya vita, fumbua. Kanyaga chini, taja vitu 5 unavyoviona, kisha pumzika.

Angalieni

Zoezi hili halileti chakula, wala si badala ya kliniki. WHO inashauri mjamzito aonwe na mhudumu angalau mara 8. Kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, degedege, homa, au mtoto kuacha kucheza: nenda kituo cha afya mara moja. Ukiwaza kujiua, mwambie mkunga au mhamasishaji wa afya siku hiyo hiyo.

Akina baba, mama wakwe na majirani: mpunguzieni maji na kuni, naye apate hizo dakika 5.