KUKATA MITI KWA CHENSO: JINA LA MSUMENO HALITOSHI

Mafundi wa mbao wakikutana pale Mbalizi, ubishi huanza. Msumeno gani ni bora? Mmoja atasema Stihl. Mwingine atasema Husqvarna. Kila mmoja atataja miti mikubwa aliyoiangusha.

Ubishi huo utausikia pia Tukuyu, Makambako na Mafinga. Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya miti. Serikali ina Shamba la Miti Kawetire katika milima ya Mbeya. Ina pia shamba kubwa la Sao Hill, wilayani Mufindi. Wananchi nao wamepanda misindano, yaani mapaini, na mikaratusi katika mashamba yao. Miti hiyo ikikomaa, hukatwa.

Zamani tulitumia shoka na msumeno wa kuvutwa na watu wawili. Siku hizi wengi hutumia msumeno wa mnyororo unaoendeshwa kwa petroli. Watu huuita chenso. Chenso hufupisha kazi sana. Lakini huweza pia kumkata mtu mguu kabla hajafumba jicho. Na mti unaoanguka vibaya hauchagui wa kumwangukia.

Leo tuzungumze mambo mawili. Kwanza, namna ya kuchagua chenso. Pili, namna ya kuangusha mti bila kuumia.

STIHL AU HUSQVARNA?

Stihl ni kampuni ya Ujerumani. Ilianzishwa na Andreas Stihl mwaka 1926. Husqvarna ni kampuni ya Sweden. Ilianza kutengeneza misumeno ya mnyororo mwaka 1959. Kampuni zote mbili zinajua kazi yake.

Chukua mfano. Stihl MS 381 na Husqvarna 365 ni misumeno inayokaribiana kwa nguvu. Kila mmoja una uzito wa kilo 6 na kitu, bila upanga. Upanga ni kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo. Fundi anayejua kazi ataangusha msindano kwa msumeno wowote kati ya hiyo miwili. Basi ukienda dukani, usiulize jina tu. Uliza maswali haya matatu.

1. Je, una breki ya mnyororo? Breki hii ni kile kikingio kilicho mbele ya mpini wa juu. Msumeno ukiruka nyuma, kikingio husukumwa mbele na mnyororo husimama mara moja. Mafundi wengi husifu Stihl 070, msumeno mkubwa wa tangu miaka ya 1960. Una nguvu sana kwa magogo manene. Lakini ulitengenezwa bila breki hiyo. Unaona sasa? Jina ni lile lile, Stihl. Usalama si ule ule.

2. Je, ni halisi? Ziko chenso bandia zenye rangi na jina la kampuni kubwa. Nunua kwa wakala anayejulikana. Tazama namba iliyogongwa kwenye mwili wa msumeno. Dai risiti.

3. Je, vipuri viko karibu? Msumeno usiopatikana mnyororo wake Mbalizi wala Mbeya mjini utalala ndani siku utakapouhitaji.

UTUNZE MSUMENO WAKO

Injini ya chenso hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Ukitumia oili nzuri ya injini za namna hiyo, kipimo cha kawaida ni mililita 20 kwa lita 1 ya petroli. Kwa lita 5, tia mililita 100. Soma pia maelezo ya kitabu cha msumeno. Kusoma kwako ni faida hapa. Usikisie kwa macho. Oili ikipungua, injini hufa.

Mnyororo nao una oili yake, katika tangi lake. Usichanganye matangi hayo mawili.

Noa mnyororo kwa tupa ya mviringo inayolingana na meno yake. Utajuaje kuwa umekuwa butu? Tazama unga wa mti. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo kama makombo. Mnyororo butu hutoa vumbi. Mnyororo butu hukulazimisha kusukuma, na mtu anayesukuma msumeno huchoka na kukosea.

KABLA YA KUWASHA

Vaa kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, na buti imara. Suruali maalumu ya kukatia miti hulinda miguu. Usivae nguo inayopepea.

Kisha simama uutazame mti. Umeinama upande gani? Matawi mengi yako wapi? Yako matawi makavu juu? Upepo unavuma? Upepo ukiwa mkali, acha kazi mpaka siku nyingine.

Waondoe watu wote. Kanuni ni umbali wa urefu wa mti mara mbili. Mti wa mita 20 unataka watu wakae mita 40 mbali. Watoto na wachunga mbuzi hupenda kusogea. Mweke mtu wa kuwazuia.

Mwisho, fyeka njia yako ya kukimbilia. Njia hiyo iende nyuma kwa mshazari, kulia au kushoto. Isiende nyuma moja kwa moja, kwa sababu kitako cha mti huweza kuruka nyuma kama teke la punda.

MDOMO, BAWABA NA MKATO WA NYUMA

Mti hauangushwi kwa kukatwa moja kwa moja toka upande mmoja hadi wa pili. Tufanye mfano wa mti wenye unene wa sentimita 50.

Kwanza, kata mdomo upande unaotaka mti uangukie. Mdomo una mikato miwili. Mmoja hushuka kwa mshazari, mwingine ni wa kulala. Mikato hiyo ikutane sawasawa. Kina cha mdomo kiwe kama robo au moja ya tano ya unene wa mti. Kwa mti wetu, ni sentimita 10 mpaka 12.

Pili, nenda upande wa nyuma. Kata mkato wa kulala, juu kidogo ya sakafu ya mdomo. Usiufikishe kwenye mdomo. Acha ukanda wa mti katikati, moja ya kumi ya unene. Kwa mti wetu, ni sentimita 5.

Ukanda huo ndio bawaba. Mlango bila bawaba huanguka popote. Mti nao ni hivyo hivyo. Bawaba huushika mti na kuuelekeza. Anayeikata yote ameuacha mti ujichagulie njia.

Ukiona mkato unabana, gonga kabari ya mti au ya plastiki nyuma ya upanga. Usitumie kabari ya chuma, maana mnyororo ukiigusa utaharibika. Mti ukianza kulia na kuinama, toa msumeno, shika njia yako, ondoka.

USIFANYE HAYA

Usikate kwa ncha ya upanga. Sehemu ya juu ya ncha ikigusa mti, msumeno huruka kuelekea uso wako.

Usinyanyue chenso kupita mabega.

Usipite chini ya mti ulioning'inia kwenye mti mwingine.

Usiguse mti ulioinama sana kama hukufundishwa. Huweza kupasuka kwa urefu na kukupiga.

Usifanye kazi peke yako porini.

WEWE MWENYE SHAMBA

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii ina kinga, na sehemu ya kinga hiyo iko mikononi mwako. Ukimkodi kijana kwa sababu tu bei yake ni ndogo, naye hana kofia wala buti, umenunua hatari. Akivunjika mgongo, mama yake hatauliza chenso ilikuwa ya kampuni gani. Atauliza nani alimpeleka.

Mwulize fundi kabla hajawasha: Breki inafanya kazi? Njia yako ya kukimbilia iko wapi? Asiyeweza kujibu, mwambie akajifunze kwanza. Chuo cha Misitu Olmotonyi, mkoani Arusha, ni cha miaka mingi, na Mafinga kuna kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao. Pia mwone Afisa Misitu wa wilaya kuhusu vibali kabla ya kuvuna na kusafirisha.

Ndugu msomaji, bishaneni juu ya Stihl na Husqvarna mpendavyo. Lakini msumeno bora ni ule wenye breki, wenye meno makali, ulio mikononi mwa mtu anayejua kuacha bawaba.

JADILIANENI

1. Katika kijiji chenu, ni chenso ngapi zenye breki inayofanya kazi?

2. Mti una unene wa sentimita 40. Bawaba yake iwe sentimita ngapi?

3. Nani atawazuia watoto siku ya kukata miti?