Majina na Vipimio katika Ramani za Kale za Mbinga na Pwani ya Nyasa

Mfasiri anayepewa ramani ya sura ya nchi iliyochorwa wakati wa utawala wa Wajerumani hukutana kwanza na tatizo la majina. Humo Liuli huitwa Sphinxhafen, na Manda, iliyo kaskazini yake, huitwa Wiedhafen. Neno Hafen kwa Kijerumani ni bandari. Hata hivyo, kuandika “Bandari ya Sphinx” ni kumpeleka msomaji mahali asipopaona katika ramani ya leo. Twapendekeza iandikwe: “Liuli (katika ramani: Sphinxhafen)”. Jina hili la zamani lisifutwe, maana hapo ndipo Waingereza walipoishambulia meli Hermann von Wissmann mwezi Agosti 1914, na nyaraka za vita hulitaja hivyo.

Kipimio kina utata zaidi. Ramani ya Wajerumani ya 1:300,000 ni ya kipimio kidogo. Zile za 1:50,000 zilizochorwa baadaye ni za kipimio kikubwa, ingawa tarakimu yake ni ndogo. Watumishi wengi huyageuza maneno haya, wala si ajabu. Katika ya kwanza sentimita 1 ni kilomita 3. Katika ya pili ni nusu kilomita. Kwa hiyo ngoro za Wamatengo, yale mashimo ya kilimo cha miteremkoni, haziwezi kuonekana katika ramani ya kale. Anayefasiri ramani hiyo kwa ajili ya shauri la ardhi, mahali palipoachwa wazi asiandike “nchi tupu”. Aandike “hapakuchorwa kitu”.