Je, Wajua? Mshono Umepona, Tumbo Bado Linauma

Je, wajua kwamba watu wengi waliopasuliwa tumbo, yapata tisa katika kila kumi, hubaki na nyuzi za kovu ndani, zinazogandisha utumbo na viungo vya jirani? Wengi hawazisikii maisha yao yote. Wachache huumwa miaka nenda rudi, huku wakiambiwa ni minyoo au ni mawazo tu. Maumivu yao ni ya kweli.

Je, wajua zinavyoanza? Utando laini unaofunika matumbo ukikwaruzwa au kukauka wakati wa operesheni, mwili hutoa ute wa kunata. Usipoyeyuka ndani ya siku chache, hugeuka kovu. Hata unga wa glavu za wapasuaji ulichangia; Marekani iliupiga marufuku Januari 2017.

Je, wajua kwamba mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo, mmisionari Robert Felkin alimshuhudia mganga akimzalisha mama kwa kumpasua? Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na tumbo likaoshwa kwa pombe hiyohiyo. Kabla ya kufunga jeraha kwa pini za chuma, walimgeuza ili majimaji yamwagike. Busara iliyoje! Damu inayobaki tumboni ni mojawapo ya vyanzo vya kugandana huko.

Kukata nyuzi za kovu kunaweza kuzaa nyingine, ndiyo maana daktari makini hakimbilii kisu. Utumbo ukinasa bila dalili za kuoza, mgonjwa huzuiwa kula, hutundikiwa dripu na kuwekewa mpira wa puani. Wengi hufunguka hivyo. Kwa maumivu ya kurudiarudia, kula kidogokidogo na kutafuna vizuri huwasaidia baadhi ya watu.

Lakini kwa wengi hospitali iko mbali: Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, ina hospitali ya Kanisa la Moravian, ila kutoka Kitunda, katika wilaya hiyohiyo, hadi hapo ni safari ndefu. Basi ndugu yangu mwenye mshono wa zamani, ukiona tumbo linanyonga na kuvimba, unatapika, hupati choo wala hewa haitoki, usinywe dawa ya kuharisha na usingoje kesho. Anza safari siku hiyohiyo, na ukifika, mwonyeshe daktari kovu lako kabla hajauliza.